Mega Zinakwisha, Jibu Hatujapata

Maneno ya komisiyo ya habari mbele ya wanachama, kwenye mkutano wa mwezi, Baraka



Komite ilituomba sisi wa komisiyo ya habari tuseme kidogo juu ya kutafuta mambo kwenye intaneti. Tulipotangaza, mama mmoja aliuliza kama kuandika kwenye Google nako kuko na masomo. Alikuwa na haki ya kuuliza. Hata sisi tulikuwa tunawaza vile vile: unaandika, unabonyeza, basi. Tuliendelea kuwaza hivyo mpaka zile dola 120 zilipotoka.

Wengi mnaijua ile habari, lakini tuiseme vizuri, maana ilizunguka mtaani mpaka ikaota mikia. Mwanachama mwenzetu, ambaye ametupa ruhusa tuisimulie bila jina lake, aliazima dola 120 kwenye kisanduku chetu cha kusaidiana. Alisema ni za minervali ya watoto. Kumbe kwenye telefone alikuwa amepata ukurasa wenye bendera ya Kanada na alama kama ile ya Umoja wa Mataifa, unaosema familia za Wakongomani zinapokelewa, mtu ajaze fomu na alipe gharama za dosye. Akajaza, akatuma pesa kwa telefone. Kesho yake wakamwambia bado dola 80 za daktari. Hapo njo moyo ulimshtuka, akaja kwetu. Sasa analipa kisanduku dola 10 kila mwezi, na hajakosa hata mwezi mmoja.

Hatuileti hapa ili tumcheke. Tuliketi naye, tukashika ile telefone, tukaangalia alichokuwa ameandika. Aliandika kwa Kifaransa: formulaire réfugié congolais Canada. Kosa lilikuwa palepale, kwenye swali. Anayeomba fomu analetewa fomu. Ile mashini haimuulizi mtu: je, hiyo fomu ipo? Inatafuta kurasa zenye yale maneno, inazipanga, inakupa. Na matapeli wanajua sana maneno ambayo watu kama sisi wanaandika, kwa hiyo wanayaweka tayari, sawa mtu anayetega samaki anavyojua njia yao.

Kama angeuliza kwanza nani anaweza kupelekwa, yaani réinstallation HCR qui peut, angeona mambo mawili mapema sana. Moja, huduma za HCR ni za bure, tangu mwanzo hadi mwisho. Anayedai pesa si HCR, au kama ni mfanyakazi wake basi anaiba. Pili, kupelekwa nchi ya tatu ni kwa mkimbizi aliye nje ya nchi yake, na HCR yenyewe ndiyo inayopendekeza majina, kisha nchi inayopokea inakata shauri. Ndugu yetu alisharudi. Yuko kwao, ana shamba, ana karata ya uchaguzi. Hakuna fomu inayoweza kubadilisha hilo kwa dola 120.

Kitu kingine tulichoona: ule ukurasa ulikuwa wa kwanza kabisa juu, na pembeni yake kuko neno dogo, Sponsorisé. Maana yake mwenye ukurasa amelipa ili aonekane pale. Kulipa si kosa, hata mwenye duka la simenti analipa. Lakini mahali pa kwanza palinunuliwa, hapakupatikana kwa sifa. Wengi wetu hatukuwa tumeliona lile neno hata siku moja.

Basi tuseme kidogo namna mashini hii inavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo mengine yatakuwa uganga. Unapoandika swali, Google haitoki kwenda kuzunguka dunia. Ilishazunguka mbele yako. Inasoma kurasa mchana na usiku, inaandika kwenye daftari lake kubwa kwamba neno hili liko kwenye kurasa hizi na hizi. Wewe unauliza lile daftari. Kwa hiyo habari ya asubuhi ya leo inaweza kuwa haijaandikwa bado, na habari ambayo hakuna mtu aliyeiweka kwenye intaneti, kama bei ya samaki kwa soko letu jana, haimo, uandike vyovyote vile.

Halafu inazipanga. Google ilipoanza mwaka 1998, vijana wawili wa chuo cha Stanford kule Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walileta wazo hili: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi nyingine, hasa zile zenye heshima, upande juu. Ni kama tunavyofanya hapa tukitafuta fundi: tunamwendea anayetajwa na wengi, na neno la mzee wa kartie lina uzito kuliko la mpita njia. Leo wanachanganya mambo mengine mengi, pamoja na fasi ulipo, lugha ya telefone yako, na pengine ulichotafuta jana. Ndiyo maana wawili wakiandika maneno yaleyale, mmoja Baraka na mwingine Kigoma, wanaweza kupata majibu tofauti. Lakini kutajwa na wengi si kusema kweli. Hilo tutalirudia.

Sasa tuje kwa muhogo, maana hapa ndipo tulijifunza zaidi kuliko kote.

Mnakumbuka msimu uliopita mashamba ya kikundi cha akina mama: majani ya sombe yakawa na mabaka ya njano, yakajikunja, miti ikabaki mifupi. Tukaandika kwenye telefone: muhogo majani yanajikunja. Tukapata mapishi, video ya mtu anatwanga, na mfanyabiashara wa unga. Tukaandika tena kwa urefu, tukaeleza kila kitu kama tunamwandikia ndugu barua. Mbaya zaidi. Mega 300 zikaenda.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekaa Lugufu miaka mingi. Akasema: kule Tanzania mabwana shamba waliita ugonjwa huu batobato. Tukaandika batobato muhogo, maneno mawili tu. Ikafunguka! Kurasa za Kiswahili cha Tanzania, zenye picha ya majani kama yetu kabisa. Kisha kwenye ukurasa mmoja tukaona jina la Kifaransa, mosaïque du manioc, tukaliandika pamoja na Sud-Kivu, na hapo tukapata maandishi ya watafiti waliofanya kazi kwenye mkoa wetu wenyewe.

Fundisho tulilopata ni hili: usiandike maneno ya swali lako, andika maneno yatakayokuwa ndani ya jibu. Wewe unasema majani yanajikunja. Aliyeandika jibu ni mtu wa kilimo, hakusema hivyo, alisema mosaïque. Wewe unasema miti ya kupanda. Yeye alisema boutures. Kwa hiyo safari ya kwanza si ya kupata jibu, ni ya kupata jina. Ukipata jina, unatafuta upya. Watu wengi wanakata tamaa kwenye ile safari ya kwanza, wanasema Google haina kitu, kumbe walikuwa bado wanabisha mlango wa jirani.

Na jina lina kazi kubwa. Kuna ugonjwa mwingine wa muhogo, Watanzania wanauita michirizi ya kahawia, kwa Kifaransa striure brune. Ule majani yanaweza kuonekana si mabaya sana, lakini unachimba unakuta muhogo umeoza ndani, kahawia, mgumu. Tungechanganya majina haya mawili tungechanganya na mashamba. Tulichosoma kwenye kurasa tatu zisizohusiana, zote zikikubaliana, ni kwamba yote mawili ni virusi, yanapelekwa na nzi weupe wadogo, na sisi wenyewe tunayasafirisha tukikata miti ya kupanda kwenye shamba linalougua. Dawa ya kupuliza ili kuponya mti ulioisha kuugua haiko. Akina mama waling'oa iliyougua mapema, wakatafuta miti safi. Ile pesa iliyokuwa imetengwa kununua dawa kwa yule mfanyabiashara aliyepita na chupa zake haikutoka. Wafadhili waliotoa pesa ya lile shamba, habari yenu ni hiyo.

Juu ya lugha, tuseme wazi. Kiswahili ni chetu, lakini mambo mengi ya Kongo yameandikwa kwa Kifaransa, mengi ya mashirika kwa Kiingereza, na Kiswahili cha intaneti kwa sehemu kubwa kinatoka Tanzania na Kenya. Sisi tuliorudi tuko na bahati ambayo hatuioni: watoto wetu walisoma kambini, wengine wanajua Kifaransa cha programu ya Kongo, wengine Kiingereza kidogo, na wote Kiswahili cha kule. Tafuteni lilelile jambo kwa lugha mbili au tatu. Familia moja ina lugha tatu ndani ya nyumba na inatafuta kwa moja tu.

Kuna matata mengine ambayo ni ya kwetu hasa, nayo ni majina ya fasi. Jaribuni kuandika Baraka peke yake. Mtapata maana ya neno baraka, filamu ya mwaka 1992, na jitu moja la mchezo wa video lenye mapanga mikononi. (Watoto walifurahi sana, walisahau kilichotuleta.) Andika Baraka Fizi, au Baraka Sud-Kivu, jitu linaondoka.

Congo nako vile vile. Ukiandika Congo peke yake, unachanganyiwa na ile ya Brazzaville. Andika RDC. Na nchi yetu iliitwa Zaïre tangu 1971 hadi 1997, kwa hiyo karatasi za miaka ile hazina RDC ndani. Kivu iligawanywa mwaka 1988. Maandishi ya zamani yanasema Kivu tu, hayasemi Sud-Kivu. Ndugu zetu wa Kalemie na Moba walikuwa Katanga, tangu 2015 wako mkoa wa Tanganyika, na neno Tanganyika likiwa peke yake linakuletea ziwa, na Tanzania ya zamani, na kila kitu. Kwa mambo mapya andika Kalemie na Tanganyika pamoja. Kwa ya zamani, Kalemie na Katanga.

Hili la majina si mchezo. Mama mjane, mwanachama wetu, alirudi akakuta mtu analima kwenye uwanja wa marehemu mumewe. Yule mtu alikuwa na karatasi yenye muhuri, akasema kwa sheria ni yake. Tukatafuta loi foncière. Tukapata ya Burundi, na mambo ya kodi ya Ufaransa. Tukaongeza RDC, tukapata magazeti yanayobishana. Mwishowe tulijua jina lake: ni sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ikarekebishwa mara ya kwanza 1980. Sheria ya wakati wa Zaïre. Tukaandika ile nambari ndani ya alama za usemi, na maneno certificat d'enregistrement. Kifungu cha 219 kinasema haki juu ya uwanja wa serikali uliopewa inathibitishwa na ile certificat d'enregistrement. Karatasi ya jirani ilikuwa fiche parcellaire. Hatusemi mama ameshinda. Kesi iko bado, na hata yeye hana certificat. Lakini alikwenda mbele ya msuluhishi akiwa na swali mkononi, akamuuliza yule mtu: certificat yako iko wapi? Mwezi mmoja kabla yake alikuwa ameshaanza kufunga vyombo.

Na hapo tunawaonya: sheria inabadilika. Ukipata kifungu, tafuta tena jina la sheria pamoja na neno modifiée na mwaka wa karibuni, kisha mpelekee mtu wa sheria. Telefone inakusaidia kuuliza vizuri, haikuwakilishi mbele ya hakimu.

Sasa zile alama, mtoe kalamu. Ziko chache tu tunazotumia kweli.

Alama za usemi, mbili juu kila upande, zinafunga maneno yakae pamoja kwa mpangilio uleule. Ni nzuri kwa jina la mtu, la kijiji, la sheria. Ukifunga maneno mengi mno hutapata kitu, kwa sababu hakuna aliyeyaandika vile hasa. Na kwa majina yetu angalieni: kambini waliandika wanavyosikia, kwa hiyo jina moja lina sura tatu. Jaribu zote. Kistari cha kutoa kikigusa neno, bila nafasi, kinaondoa kurasa zenye neno hilo: Congo -Brazzaville. Kuna mzee aliyejifunza zamani kwenye cyber kuweka alama ya kujumlisha mbele ya neno; ile Google iliiondoa mwaka 2011, usijisumbue nayo.

Site, nukta mbili, halafu jina la mahali, bila nafasi, inatafuta ndani ya nyumba moja tu. Hii ndiyo tunaipenda kuliko zote. Ukiandika Fizi site:reliefweb.int unapata ripoti za mashirika juu ya teritware yetu, ambazo OCHA ya Umoja wa Mataifa inazikusanya. Ukiandika site:unhcr.org uko ndani ya HCR yenyewe, na yule tapeli wa Kanada hawezi kuingia pale. Unaweza kuandika hata mwisho wa jina peke yake: site:go.tz ni serikali ya Tanzania, kwa wale wenye karatasi za shule za kule. Na filetype:pdf inaleta maandishi marefu, ripoti na vitabu vya mafunzo. Lakini angalia uzito kabla ya kufungua, PDF moja yenye picha inaweza kula mega za siku mbili.

Tarehe pia. Chini ya kile kisanduku cha kuandikia kuna mstari unaovutwa kwa kidole, mwisho wake kuko Outils. Pale unachagua mwaka huu, mwezi huu, au juma hili. Barabara ya Uvira ilivyokuwa miaka mitatu nyuma haikusaidii wewe unayesafiri kesho.

Baada ya mazungumzo yaliulizwa maswali, na komite imetaka yaandikwe.

Kijana mmoja aliuliza juu ya ule muhtasari unaotokea siku hizi juu kabisa, ulioandikwa na mashini yenyewe, kama unatosha. Tukamjibu: usome, uchukue majina yaliyomo, kisha ufungue zile kurasa unazozitaja. Unaweza kuchanganya Kongo mbili kwenye sentensi moja na usione haya. Hatungetoa dola hata moja kwa neno lake peke yake.

Baba mmoja aliuliza kama Google ndiyo peke yake. Hapana. Kuna Bing, kuna DuckDuckGo ambayo haiweki kumbukumbu ya mtu anatafuta nini. Ukiona upande mmoja hauna kitu, jaribu mwingine. Yeye mwenyewe alisema anaogopa watoto wake wajue anatafuta nini kwenye telefone ya nyumbani, watu wakacheka, na hatukuuliza zaidi.

Mama mmoja aliuliza juu ya homa ya mtoto. Hapo tulijibu haraka: homa ya mtoto unampeleka centre de santé apimwe damu. Intaneti haipimi damu. Ukishapata karatasi ya daktari, tafuta jina la dawa ujue inanywewaje. Si kinyume chake.

Na yule ndugu wa dola 120 naye alisimama. Hakuwa na swali. Alisema tangu siku ile, kabla ya kubonyeza kitu, anaangalia jina la ukurasa kule juu, herufi kwa herufi, na anatafuta jina hilohilo pamoja na neno arnaque. Alisema ameshawazuia watu wawili wa avenyu yake. Akaketi.

Daftari la maneno limeanzishwa kwenye ofisi. Kila mtu aliyepata jibu zuri anaandika mambo mawili: alitafuta nini, na ni maneno gani yaliyofungua. Ukurasa wa kwanza umeandikwa batobato. Jumamosi, kuanzia saa nane, wawili wetu watakuwa pale na telefone moja yenye mega za chama. Anayekuja na swali lake atatanguliwa na mama mjane, ambaye kesi yake inasikilizwa juma linalofuata.